Doti ya khanga aliyoninunulia mume wangu, maoni yangu baada ya kuifua mara tatu

Wapendwa naleta maoni kuhusu khanga. Najua wengi mnanunua hizi za Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo kwa ajili ya zawadi, hasa nyie akina baba mnaotaka kumpelekea mama kitu nyumbani hata kama sio sikukuu, na nimeona niandike kwa kirefu kwa sababu kitambaa hakina shida kabisa, shida ilikuwa kwenye maneno, na hayo maneno yalininyima usingizi siku mbili nzima.

Kitambaa kwanza. Ni pamba, sio zile zinazoteleza kiunoni kila ukiinama kuchochea moto. Zambarau iliyokolea, pindo la njano, mjini, yaani ile sehemu ya katikati, ina korosho kubwa kubwa. Ilikuja na wanga mwingi mpaka ikawa inasimama yenyewe, nikailoweka kwenye maji ya chumvi usiku kucha kama mama alivyonifundisha, mara ya kwanza ikachuja kidogo, ya pili maji yakatoka safi, ya tatu imelainika unaweza ukamfunika mtoto mchanga. Bei aliniambia sh. 15,000 doti nzima, yaani vipande viwili, kwa uzito ule naona ni haki.

Sasa siku yenyewe. Baba watoto karudi kazini jioni na mfuko wa kaki, hata viatu hajavua, kanikabidhi huku anacheka, anasema "mama watoto nimeiona hii nikasema huyu ni wewe kabisa, halafu ni pana, itakutosha hata saivi." Nikaifungua. Jina, yaani yale maneno ya khanga, limeandikwa MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE.

Jamani. Mimi ni mtu wa pwani, khanga nikipewa jicho linaenda kwenye jina kabla ya kitu kingine chochote, tumekua tukiona watu wanasemana kwa khanga, jirani anaianika kwenye kamba ikitazama mlango wako, wifi anajifunga anapita mbele ya baraza mara tatu, na hakuna aliyefungua mdomo. Sasa mume wangu wa miaka 11 ananiletea mdhaniaye ndiye kumbe siye na anasema huyu ni wewe kabisa! Alafu hiyo "hata saivi", yaani saivi nimekuwaje? Nilisema ahsante kwa sauti ya chini nikaikunja nikaiweka juu ya kabati, chakula nikapakua kimya. Usiku nikapiga picha nikaituma kwenye grupu la dada zangu, na hapo nilikosea, maana mpaka asubuhi zilikuwa meseji hamsini na kila mtu keshamtafutia mume wangu mwanamke wa nje.

Siku ya pili nikampigia shangazi, yeye ndiye alikuwa somo wangu, aliyenifunda wakati naolewa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, "kwani mumeo anasoma khanga?" Nikakaa kimya. Hasomi. Kwao ni bara, khanga kwake ni ya mama kubebea mtoto. Shangazi akasema mwanaume wa hivyo anaona pindo, anaona mji, jina kwake ni ua kama maua mengine yaliyochorwa pale, sasa wewe umemsomea kitu ambacho hakukiandika.

Na kweli ukifikiria, khanga zilivyoanza huku pwani karne ya 19 hazikuwa na maneno. Majina yalikuja baadaye mwanzoni mwa karne ya 20, anayetajwa sana kuyaanzisha ni yule mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak, zile zake ndio zinaandikwa "Mali ya Abdulla" mpaka leo, na mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo kabla ya hapo bibi zetu walipoletewa khanga walikuwa wanajua kapendwa kiasi gani kwa kuangalia rangi na uchoraji tu, basi. Baba watoto kanichagulia khanga kama mwanaume wa enzi zile.

Ile ya kutosha nayo nikaiwaza vizuri. Khanga karibu zote upana ni ule ule, mita moja na nusu hivi kwa mita moja na kidogo, anavaa mwembamba anavaa mnene, hakuna khanga ya saizi. Mtu anayesifia upana wa khanga ni mtu ametafuta neno la kusema hakulipata. Na mimi mwenyewe si namfanyiaga hivyo hivyo, mwezi uliopita kavaa kanzu mpya nikamwambia "leo umependeza kama sio wewe", akaenda msikitini hana hata raha, na mimi nilikuwa nimemaanisha kwa moyo wote kwamba amependeza. Yeye ana ile ya "leo ndio umepika", ambayo miaka ya mwanzo nilikuwa naisikia kama jana na juzi sikupika, na ile ya "bado unalipa", hiyo bado inachoma lakini mtu akiisema huku anakutazama usoni utajua tu alichotaka kusema.

Basi usiku watoto wamelala nikamuuliza taratibu, bila kununa, kwa nini ulisema ile khanga ni mimi. Akashangaa. Akasema "si ile rangi ya gauni ulilovaa siku wazee wangu walipokuja kwenu kuleta posa, zambarau na mtandio wa njano, ulipita na sinia la juisi mara moja tu ukarudi ndani." Mimi nilishasahau kabisa. Nikashusha albamu, kweli, zambarau na njano. Hilo gauni nilishaligawa hata sikumbuki kwa nani, na yeye rangi anayo kichwani miaka yote hiyo.

Kuhusu duka, silitaji jina. Nilienda Jumamosi nia ni kubadilisha, doti ilikuwa haijakatwa wala kufuliwa, hawakuleta ubishi wala kuongeza hela. Muuzaji aliyemhudumia mume wangu ni kijana wa kiume na hakumsomea jina, hilo nimewaambia walirekebishe, mwanaume akiingia peke yake muulizeni anampelekea nani, mke, mama au mama mkwe, halafu msomeeni kwa sauti. Binti niliyemkuta mimi alikuwa anafanya hivyo, kanifungulia doti kama kumi na tano, NANI KAMA MAMA, WEMA HAUOZI, na za mapenzi tamu tamu zipo nyingi. Lakini zambarau yenye pindo la njano haikuwepo nyingine. Nikamwambia nirudishie yangu.

Kwa hiyo kitambaa natoa nyota 5, huduma ya duka 3, na akina dada mkiletewa khanga yenye jina baya na mtu ambaye hasomi khanga, muulizeni rangi kaitoa wapi kabla hamjatuma picha popote. Kwenye grupu nimeandika pia alichonijibu, wawili tu ndio wamejibu.

Nimeikata, fundi kanipindia kwa cherehani sh. 1,000. Kimoja navaa mimi nikiwa jikoni. Cha pili kakichukua mwenyewe, anajifunga akitoka kuoga, anapita sebuleni na mdhaniaye ndiye kumbe siye nyuma kiunoni, na mpaka leo hajaisoma.