Balbu ya nyumbani Kigoma: iwashwe kwanza, ndipo ulipe

Thomas Edison alipotaka watu waziamini taa zake, aliziwasha hadharani huko Menlo Park, Marekani, tarehe 31 Desemba 1879, nao wakapanda treni kwenda kujionea. Nawe unapofika dukani Mwanga au Ujiji, usilipe kabla muuzaji hajaiweka balbu kwenye holda yake ya majaribio, na wewe ukasoma kwa mwanga wake yale maandishi madogo ya kwenye boksi.

Nafasi ya kwanza naipa balbu ya LED ya wati 9, ambayo hutoa lumeni (kipimo cha mwanga) 800 hivi, sawa na balbu ya zamani ya waya ya wati 60. Balbu nne za waya zikiwaka kwa muda wa saa 5 kila usiku hula yuniti 36 kwa siku 30, karibu nusu ya zile yuniti 75 za mwezi ambazo mteja mdogo wa TANESCO hatakiwi kuzivuka ili abaki kwenye bei nafuu. Nne za LED hula yuniti 5.4 tu. Ielekezee kamera ya simu: ikionekana mistari myeusi inayotembea, taa hiyo inapepesa, na mtoto anayejisomea itamchosha macho.

Ya pili ni LED ya kuchaji, yenye betri ndani. Yangu ya kwanza niliinunua bila kuijaribu, na umeme ulipokatika ikazimika nao. Siku hizi huomba ichomolewe, ishikwe kitakoni kwa vidole vikigusa ncha zote mbili. Betri ikiwa nzima na ina chaji, itawaka mkononi. Moja yatosha kwa jikoni, kwa kuwa betri huchoka mapema kuliko taa yenyewe.

Enajiseva ya mrija uliojikunja ni ya tatu, maana ina zebaki, na ikivunjika ndani ya nyumba ni lazima madirisha yafunguliwe. Balbu ya waya ni ya mwisho. Ibaki kwenye banda la vifaranga, ambako joto lake ndilo linalotakiwa.

Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi walioacha karabai wana hesabu nyingine: wao watafute taa ya volti 12 iliyoandikwa IP67, alama ya kuzuia vumbi na maji, waizamishe kwenye ndoo ya maji ikiwa inawaka kwa betri, na ikitoka bila tone ndani ya kioo, hiyo inafaa kupakiwa mtumbwini.