Kadi za Josh Gibson kijana: ipi uanze nayo

Ukitafuta kadi halisi ya Josh Gibson, mdakaji mweusi wa besiboli wa Marekani, ya miaka yake ya mwanzo utachoka bure. Alianza kudaka na timu ya Homestead Grays mwaka 1930 akiwa na miaka 18, akahamia Pittsburgh Crawfords mwaka 1932. Kadi za kampuni ya Goudey za 1933, zile zilizouzwa pamoja na chingamu, hazina mchezaji mweusi hata mmoja. Ile ya seti ya Toleteros ya Puerto Rico, inayogombaniwa kwa maelfu ya dola, ni ya msimu wa 1950-51, na Gibson alifariki Januari 1947. Basi tunarudi kwa wasanii wanaomtengenezea kadi mpya.

Ya kwanza kwangu ni iliyochorwa kwa mkono kwa mtindo wa Goudey, toleo dogo lenye namba, na nyuma pana jina la msanii na mwaka alioitengeneza. Anza na huko nyuma. Niliwahi kuletewa moja, mbele ni raha tupu: kofia, glavu nene ya mdakaji, anga ya manjano. Kuigeuza, “Grays, 1934”. Mwaka huo alikuwa Crawfords! Niliirudisha siku hiyohiyo. Ukikuta wastani wa kupiga wa .372, usishtuke, ndio unaoongoza wote tangu MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ilipoingiza takwimu za ligi za weusi Mei 2024. Ile “karibu 800” ya mipira aliyoipiga nje ya uzio imo kwenye bamba lake katika jumba la heshima la besiboli, Cooperstown, ila inajumlisha na mechi za nje ya ligi.

Ya pili ni ya picha iliyochapishwa kwa oda. Bei ni nafuu, lakini muulize muuzaji picha ni ya mwaka gani, maana wengi humweka Gibson wa miaka ya 1940, mwili umeshajaa, wakamwita kijana. Uliza na vipimo: inchi 2.5 kwa 3.5 ndizo zinazokaa vizuri kwenye vifuko vya kawaida. Ya mtindo wa Goudey ni fupi, itachezacheza humo.

Nakala ya Toleteros ni ya tatu. Inapendeza ukutani, ujana haumo.

Halafu kuna zile zilizozeeshwa: kona zimesuguliwa makusudi, karatasi imelowekwa chai, mwaka wa kutengenezwa haupo. Hata kwa dola tano siigusi, kwa sababu iko siku mtu atauziwa kuwa ni ya 1932.