Bakuli la Kirumi la kioo cha mozaiki: rangi iangalie mwisho

Karibuni, watazamaji. Leo mezani tuna nakala ya kisasa ya bakuli la Kirumi lenye mbavu, la kioo cha mozaiki. Ya asili yalitengenezwa zaidi kati ya mwisho wa karne ya 1 KK na katikati ya karne ya 1 BK. Nalisogeza kwenye mwanga: zambarau iliyokolea, mizunguko myeupe, vitone vya njano.

Linavutia, lakini rangi iache kwanza. Tazama unene. Ua, yaani mchoro wa mizunguko na vitone, linaloonekana ndani lionekane na nje, palepale, kwa sababu hapa hakuna kilichopakwa. Fundi huunganisha vioo vya rangi kuwa kijiti kinene, hukipasha moto, hukivuta mpaka kiwe chembamba. Mchoro wa katikati nao hupungua bila kuharibika. Kikipoa hukatwa vipande vidogo, vikapangwa vikigusana, vikaunganishwa tanurini kuwa sahani bapa. Sahani ingali laini, mbavu hubanwa, kisha hulazwa juu ya kalibu yenye umbo la kuba, ishuke kwa uzito wake. Ndiyo maana maua ya ubavuni huvutika kuliko ya kitakoni. Yakiwa sawasawa kote, shaka.

Umaliziaji wa hili ni sahihi: ndani limesagwa kwa gurudumu, mistari myembamba ile pale, nje limebaki na mng'ao wa moto. Kasoro ninayoiona ni hizi nyota zenye meno yanayolingana mno. Hizo ni za Murano, kisiwa cha mafundi wa kioo huko Venisi, zaidi kuliko Roma.

Sasa nyufa, maana hapo ndipo nakala nyingi hufia. Nyeupe na njano hutokana na madini ya antimoni, njano ikiongezewa risasi; buluu ni madini ya kobalti. Warumi walitia rangi hizo kwenye kioo cha asili moja, mchanga na magadi ya Misri, hivyo vipande vilisinyaa kwa kiasi kinachokaribiana. Ukichanganya vioo vya viwanda tofauti, kimoja husinyaa zaidi na ufa hufuata mpaka wa rangi, wakati mwingine siku kadhaa baada ya kutoka tanurini. Hata kioo kinacholingana hupasuka kikipozwa haraka: kishikilie karibu nyuzi 500 za Selsiasi, kisha shusha moto polepole kwa saa nyingi. Moto wa kuunganisha ukiwa hafifu, vitundu hubaki kati ya vipande. Ukizidi, maua huyeyukiana.

Kazi yote hiyo kwa bakuli moja! Si ajabu kupuliza kioo, kulikoanza maeneo ya Syria na Palestina, kuliishinda sokoni.

Ukinunua, muulize muuzaji kama njano ina risasi. Akisita, lifanye pambo. Usitie achari wala juisi ya ndimu, maana uchachu huweza kuitoa risasi kwenye kioo. Lioshe kwa mkono, maji vuguvugu. Ya moto usimimine kamwe.