Kikombe cha hedhi nilichonunua mwaka wa korona

Nilikinunua Julai 2020, siku chache baada ya Mombasa kufunguliwa, kwenye duka la dawa upande wa Mwembe Tayari. Shilingi 1,500. Kwa mtu aliyesimamishwa kazi ya hoteli tangu Machi, hizo si pesa za kuchezea. Nilitoka pale nikijiuliza kama nimerogwa.

Mei mwaka ule Mji wa Kale ulifungiwa, haingii mtu hatoki mtu, na kafyu saa moja jioni. Ilikuwa Ramadhani, nami nikafunga mwezi wote, damu haikuja. Wanawake wenzangu mshaelewa. Tangu nivunje ungo sijapata kumaliza Ramadhani bila deni la siku sita, saba. Mamangu akafurahi, mimi silali, natazama dari. Mimba haiwezekani, basi ni nini? Idi ikapita, ndipo damu ikaja kwa fujo, siku tisa, mabonge. Pakiti ya pedi nane haifiki siku mbili. Mdogo wangu naye alikuwa akipewa pedi shuleni. Shule zilipofungwa na pedi zikakatika, ikawa tunagawana. Nazihesabu kama vidonge, usiku nakata fulana kuukuu.

Nesi mmoja ndiye aliyenieleza kwamba hofu huweza kuufanya ubongo uchelewe kuamrisha yai likomae. Yai likichelewa, damu nayo huchelewa, na pengine ikija huja nyingi. Kisha akaniuliza nalala vipi. Miezi yote ile hakuna aliyeniuliza hilo. Nililia hadi barakoa ikalowa. Habari ya kikombe niliipata kwake.

Sasa chenyewe. Ni silikoni laini, unakikunja, kikiingia ukeni kinajifungua na kukinga damu. Karatasi ya maelekezo ni Kiingereza kitupu, herufi kama sisimizi. Mwezi wa kwanza kilivuja, nikashukuru buibui ni jeusi. Kijiti cha chini kilinichoma, nikakipunguza kwa mkasi. Mwezi wa tatu nikawa nasahau kama nimekivaa. Wanasema kikae muda usiozidi saa 12. Siku nzito mimi namwaga mara tatu.

Ambacho sikukitarajia ni ile mistari ya vipimo ubavuni. Damu niliyokuwa nikiiogopa gizani sasa naiona ni kiasi gani. Nilipoona mwezi hadi mwezi inashuka, nikaanza kulala. Kazi sikuwa nayo bado, lakini nililala.

Ubaya wake ni maji. Kwetu bomba huja likitaka, na kikombe hiki hakitaki mikono michafu. Dumu la lita 20 ukilinunua kwa mkokoteni, unafikiri mara mbili kabla ya kusuuza. Vyoo visivyo na sinki ndani ni mtihani; nabeba chupa ndogo ya maji mkobani. Mdogo wangu hakukitaka, mamangu naye akaleta habari za ubikira. Sikubishana. Mdogo wangu nilimnunulia pedi za kitambaa, za kufua na kuanika.

Leo bado ni kile kile, kimegeuka rangi kidogo tu. Nampa muuzaji nyota nne. Ya tano nimemnyima kwa sababu hakuniuliza kama nimeshazaa wala damu yangu ni nyingi kiasi gani, alichukua saizi iliyokuwa mbele yake. Ukienda, uliza saizi. Na sufuria ya kukichemshia nunua yako. Ya mamangu nilifokewa hadi jirani akaja.