Kikomo cha GB 1 kwenye seva ya pamoja: uzoefu wangu wa miaka miwili

Ninaendesha mfumo mdogo wa kupokelea parachichi za kikundi cha wakulima Rungwe. Mimi niko Mwanjelwa, jijini Mbeya, karani yuko kituoni Tukuyu, databesi iko kwenye seva tunayoshirikiana na wateja wengine. Kifurushi chetu mwisho GB 1.

Siku hiyo karani alinipigia saa moja asubuhi, bodaboda zenye kreti zimeshapanga foleni. "Kaka, za jana nazisoma vizuri, ila mpya zinakataa kuingia." Nikafungua logi: INSERT command denied, yaani amri ya kuingiza data mpya imekataliwa. Nafasi imejaa.

MySQL, programu ya databesi tunayotumia, yenyewe haina namna ya kumwekea mtumiaji mmoja kikomo cha diski. Unaweza kumpangia maombi kwa saa au idadi ya miunganisho, basi. Kwa hiyo wenye seva yetu wana skripti inayopima mafaili kila baada ya muda. Ukizidisha, unanyang'anywa ruhusa ya INSERT. Kusoma na kufuta unaachiwa.

Nikatafuta kilichojaza. Rekodi zote za mizani za wakulima kwa miaka miwili zilikuwa hazifiki MB 90. Jedwali la sesheni, yaani kumbukumbu za kila anayeingia kwenye mfumo, peke yake: MB 940! Sikuwa nimeweka kazi ya kulisafisha, hilo ni kosa langu. Nikafuta kila kitu humo kwa DELETE, ukubwa haukushuka, maana InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi majedwali, hubaki na nafasi hiyo ndani ya faili lake. Nikajaribu OPTIMIZE TABLE, amri ya kulipanga upya jedwali ili nafasi iachiwe, ikagoma: nayo inadai ruhusa ya INSERT, ileile niliyonyang'anywa. Kilichoniokoa ni TRUNCATE, inayolitupa jedwali na kuliunda upya. Sesheni hazina hasara, watu wanaingia tu tena. Dakika 40 baadaye ruhusa ikarudi. Karani alikuwa ameshajaza kurasa nne za daftari kwa mkono.

Kikomo chenyewe nakiunga mkono kabisa. Diski ya pamoja ikijaa kwa sababu ya mmoja, tunasimama wote. Ila kumfungia mtu bila hata meseji moja ya onyo, asubuhi ya mzigo, si haki kwa mkulima aliyetoka shambani usiku. Wangetuonya kwenye asilimia 80, ningewapa nyota tano. Nawapa tatu.

Nimewaandikia, wamejibu kwa adabu, onyo bado. Kwa sasa kila Jumatatu najipimia mwenyewe kupitia information_schema, mahali MySQL inapoonyesha taarifa za majedwali pamoja na ukubwa wake, na sesheni za zaidi ya siku saba zinafutwa kila usiku.