Roboti ya mapokezi Mtwara: uzoefu wangu wa msimu mmoja wa korosho

Roboti yenyewe ni ya kukodi. Kimo chake ni kama cha mtoto wa darasa la pili, ina magurudumu matatu, skrini ya inchi 10 kifuani na vipaza sauti vinne vya kusikilizia (maikrofoni) kichwani. Imefanya kazi mapokezi ya nyumba ya wageni Shangani, Mtwara, kuanzia Oktoba hadi Januari, wakati mji umejaa wanunuzi wa korosho na madereva wa malori. Mimi ndiye niliyeifunga na kuisimamia. Naipa nyota tatu kati ya tano, na hizo tatu ni za marekebisho. Kwa hali iliyokuja nayo ningeipa moja.

Tuanze na salamu, maana hapo ndipo mgeni anapoamua kuongea nayo au kuipita. Programu ilikuja na kipengele cha kukadiria umri kwa kamera: aliyezidi miaka 50 anapewa "Shikamoo", aliye chini yake "Mambo". Kizime siku hiyo hiyo. Mlango ukiwa nyuma ya mgeni, uso wake unaingia kivuli na makadirio yanaruka hata miaka 15. Dada wa miaka thelathini na kitu akiamkiwa shikamoo mbele za watu, amekwenda huyo. Mzee wa Newala akiambiwa "Mambo" ndiyo kabisa. Weka salamu moja kwa wote, "Karibu sana, habari za safari?", kisha iache inyamaze sekunde 4. Mwanzoni ilikuwa inasubiri sekunde moja na nusu tu: mtu hajamaliza "nzuri, sijui za hapa", imeshamkatiza kwa kumuuliza namba ya simu. Iingizie na "Marahaba", kwa sababu watoto huiamkia.

Kosa la hatari zaidi ni la saa. Mgeni anasema, "Niamsheni saa kumi na moja, basi la Dar linaondoka saa kumi na mbili." Roboti inaandika 11:00 na 12:00, na mtu anaachwa na basi. Programu ya kutambua usemi inageuza maneno kuwa tarakimu bila kujua kwamba saa zetu zinahesabiwa tangu jua linapochomoza, kwa hiyo kuna tofauti ya saa 6. Nimeweka kanuni kwamba mgeni asipotaja alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, roboti imuulize kwanza, halafu skrini imwonyeshe saa zote mbili, "saa 11 alfajiri, 05:00", aguse kukubali. Bei nazo zina mtego wake. Ukiandika 45,000 kwenye jedwali, sauti inasoma "arobaini na tano nukta sifuri". Andika kwa maneno: shilingi elfu arobaini na tano.

Usikivu wake ni wa wastani. Feni ya dari ikizunguka juu yake, kwenye maswali kumi ilishika sita. Feni ikizimwa, nane au tisa. Isogezwe tu, watu wasinyimwe upepo. Majina ya sehemu za huku kama Nanguruwe, Msimbati na Kitangari hayatambui mpaka uyaingize kwenye orodha ya maneno maalumu, na ujaribu kwa sauti za wenyeji wa Kimakonde na Kiyao, si ya fundi aliyetoka Dar. Usemi wote huchakatwa kwenye seva ya mbali, hivyo intaneti ikilegea jibu linachelewa. Likizidi sekunde tatu, mgeni anamgeukia mhudumu. Ruta ya laini mbili na betri ya akiba ni lazima.

Upepo wa bahari nao una yake. Vishikio vya chaji, yaani vile vyuma vinavyogusana na chaja, vinaota kutu ya kijani kwa chumvi. Nilikuwa navifuta kwa pamba na spiriti mara mbili kwa wiki, roboti ikiwa imezimwa. Leza ambayo roboti hutumia kuona vizuizi haioni kioo, kwa hiyo bandika utepe kwenye mlango wa kioo, kwenye kimo cha leza yenyewe. Kizingiti cha zaidi ya sentimita moja kinaikwamisha. Muuzaji alisema chaji inakaa saa 10. Nilipata 7 kwa mwanga kamili wa skrini, na 9 kwa asilimia 60.

Sasa wateja wenyewe. Waliofaidika ni wanaoona haya kuuliza bei. Roboti unaiuliza mara nne na haikukunjii uso, unaondoka bila kudaiwa maelezo. Madereva wa Msumbiji walipenda kujibiwa kwa Kireno. Walioumia ni wenye shida hasa: anayeumwa, aliyepoteza fedha, ambaye chumbani kwake maji hayatoki. "Pole sana" tatu za sauti ileile, huku macho ya taa yakitabasamu, zinamtia mtu hasira kuliko kimya. Kwa hiyo maneno kama "naumwa" na "nimeibiwa" yanamwita mhudumu papo hapo, na swali lisipoeleweka mara mbili, vilevile. Kitufe kikubwa cha "Niitie mtu" kiwe kwenye kila ukurasa. Mhudumu akifika ndani ya nusu dakika, malalamiko yanaisha. Usiku kama hakuna mtu wa kuitwa, izime.

Kipaza sauti kiwashwe kwa kugusa skrini, isidhani kila sauti ni swali. Hoteli iitwayo "Henn na" kule Nagasaki, Japani, iliyofunguliwa 2015, iliondoa zaidi ya nusu ya roboti zake 243 kufikia 2019. Roboti yake ya chumbani, yenye umbo la mwanasesere, alikuwa akisikia mkoromo anadhani ni swali, anamwamsha mgeni. Kuhusu kamera, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hivyo bandika tangazo mlangoni na uzime uhifadhi wa sura.

Kabla ya kusaini mkataba, uliza vipuri viko wapi. Hata Pepper, roboti ya kampuni ya SoftBank ya Japani, iliyojulikana kuliko zote tangu 2014, utengenezaji wake ulisimamishwa 2020. Ya kwetu ilivunjika gurudumu moja Novemba. La kubadilishia lilifika Januari, siku mbili kabla ya mkataba kwisha.