"Nani alikuambia unaweza kuvaa njano?" Uzoefu wangu kwa mshauri wa mwonekano

Vidole viwili. Gumba na cha shahada, basi. Ndivyo alivyoishika kola ya shati langu, akainyanyua kama mtu anayetoa nzi kwenye kikombe, akaniuliza: "Kaka, nani alikuambia unaweza kuvaa njano?"

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, tena kile kicheko cha kijinga cha mtu anayemsaidia mwenzake kumtukana. Hasira ilinipata nikiwa njiani, nimeshavuka barabara mbili, na mpaka leo haijashuka vizuri. Kwa hiyo mnaposoma mjue naandika nikiwa bado nimevimba.

Huduma yenyewe ni ushauri wa mwonekano, vikao viwili. Mambo ya vifurushi na ratiba mtayasoma kwenye matangazo yao. Ahadi yao ni moja, imebandikwa juu ya kioo kwa herufi kubwa: watakutoa wewe halisi. Aliyenilipia ni mke wangu. Ilikuwa zawadi, baada ya mimi kupandishwa cheo na kuanza kutakiwa kusimama mbele ya watu. Miaka yote nimekaa nyuma ya mahesabu, mahali ambapo hakuna anayejua umevaa nini. Nilikwenda kwa moyo mweupe kabisa. Nalisema hilo isije ikaonekana nilikwenda kutafuta ugomvi.

Kabla ya kikao wanakutumia dodoso, maswali 40. Nililijaza usiku watoto wakiwa wamelala, kwa ukweli ambao hata fomu za bima hazijawahi kuupata kwangu. Swali la 17 linauliza ni nguo gani ukiivaa unajiona ni wewe. Pale nikaeleza habari ya njano. Mimi ni kitinda mimba kwenye nyumba ya wavulana. Nguo zilikuwa zinanifikia zimeshapita migongo mitatu, na nguo iliyofuliwa na kuanikwa kwa miaka yote hiyo, iwe ilianza bluu au ilianza kijani, huishia rangi moja tu: rangi ya kufuliwa. Mshahara wangu wa kwanza ulipotoka nikanunua shati la njano. Sio haradali, sio maziwa. Njano. Tangu hapo sijawahi kukosa moja kabatini. Likichakaa natafuta jingine, na siku ambayo ni nzito kwangu ndilo ninalolivaa. Nikaandika yote hayo, mistari kumi na kitu, mpaka nikajionea aibu kidogo.

Dodoso langu lilikuwa mezani kwake siku ile, limechapwa. Nililiona. Kurasa bado zimebanwa na pini, pembe zote nne zimenyooka, hazina hata mkunjo mmoja. Mimi karatasi ndiyo kazi yangu. Karatasi iliyosomwa naijua, na ile haikusomwa. Ingesomwa, lile swali la nani aliniambia lisingeulizwa, maana jibu lilikuwa ukurasa wa pili: hakuna aliyeniambia. Ndiyo raha yake.

Tuendelee. Kipimo cha rangi, kwa asiyekijua, kinakwenda hivi. Unakalishwa mbele ya kioo, unafunikwa kitambaa cheupe kifuani na kichwani, kisha unawekewa vipande vya vitambaa chini ya kidevu, kimoja baada ya kingine. Anayepima hatazami kitambaa, anatazama uso: umenawiri au umechoka, macho yamezama au yamechangamka. Kuna akili ndani yake, siwezi kukataa. Kitambaa hurudisha mwanga chini ya kidevu, halafu rangi haikai peke yake, jirani yake huigeuza. Hili Mfaransa mmoja, Michel Eugène Chevreul, mkemia, alilieleza zamani. Alikuwa akisimamia utiaji rangi kwenye karakana ya Gobelins, Paris, wanakofuma yale mapambo makubwa ya kutundika ukutani. Watu wakalalamika kwamba nyuzi nyeusi hazina weusi wa kutosha. Akazichunguza, nyuzi hazina kosa. Kosa lilikuwa la rangi zilizofumwa kando yake. Akaandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, kikatoka mwaka 1839. Nilipoyasoma hayo nyumbani nikamwonea yule dada mshauri huruma kwa dakika kama mbili hivi. Labda yeye ni mtaalamu na mimi ni mbishi tu.

Dakika ya tatu nikakumbuka taa.

Nyuma yangu kulikuwa na dirisha kubwa, na mbele ya dirisha pazia zito la rangi ya damu ya mzee, limefungwa. Mwanga wote ulitoka kwenye balbu mbili juu ya kioo, ule mwanga wa machweo unaomfanya kila mtu aonekane yuko kwenye picha ya harusi. Boksi la balbu lilikuwa kwenye rafu, nikalisoma wakati anapanga vitambaa vyake (kazi imeniharibu, nasoma kila chenye namba). Kelvini 2700, kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikiwa ndogo, mwanga ni wa manjano zaidi. Mwanga wa jua la mchana unaanzia kwenye 5000 na kupanda. Chini ya taa ya namna ile njano humezwa, inapauka, inakuwa kama shuka lililosahaulika kambani. Nikamwomba, kwa adabu, "Dada, hatuwezi kufungua pazia?" Akanijibu bila kugeuka: "Kaka yangu, niamini mimi."

Kikaja kipimo cha mishipa. Unageuzwa kiganja, wanatazama mishipa ya kwenye kifundo cha mkono. Ikionekana ya bluu wewe ni wa rangi za baridi, ikionekana ya kijani wewe ni wa rangi za joto. Sasa, ngozi yangu ni nyeusi, nyeusi ya kweli. Akatazama. Akasogeza uso. Akawasha tochi ya simu, akanibinyabinya kama muuguzi wa zamu ya kwanza. Mwisho akasema, "Hapa tukadirie tu." Tukadirie! Mimi nikikadiria kazini nafungwa.

Akakadiria, nikaangukia majira ya baridi. Mfumo wao unagawa watu kwa majira manne ya nchi za kaskazini. Vitabu vilivyoupa umaarufu miaka ya 1980 vilikuwa vinawarundika karibu watu weusi wote kwenye fungu hilohilo la baridi, kana kwamba sisi wote tumechovywa chungu kimoja. Wenye kazi hiyo wamejirekebisha tangu wakati huo, na wapo wanaogawa mafungu 12. Yeye hakuhangaika. Nusu dakika, nimeshapewa kadi yangu yenye vipande vya rangi na kuambiwa njano tumeagana nayo.

Ile kadi niliifungua usiku, nimekaa kitandani. Chini kabisa, pembe ya kulia, kuna kipande kidogo kama kucha ya mtoto. Njano. Ya limao, kali, inang'aa. Kwenye fungu lake mwenyewe! Nilimwamsha mke wangu nimwonyeshe, akasema nizime taa.

Hapo ndipo nilipoanza kuchimba mambo haya yalikoanzia, na nikakutana na jambo lililonichefua zaidi. Mmoja wa watu wanaotajwa kama mzizi wa kazi hii ni Johannes Itten, mchoraji wa Uswisi aliyefundisha kwenye shule ya sanaa ya Bauhaus, Ujerumani, kuanzia 1919 hadi 1923. Mwenyewe anasimulia kwamba kuna darasa aliliwekea rangi anazoona yeye zinapatana, wanafunzi wakalalamika kwamba hawazipendi. Akawaambia basi, kila mmoja apake rangi anazoona yeye zinapatana. Wakapaka, hakuna kazi mbili zilizofanana, na akaona kila kazi inamfanana mwenyewe. Yaani kazi hii chimbuko lake ni mwalimu aliyenyamaza, akawaacha watu wachague, kisha akawatazama. Mimi nimechagua njano tangu mshahara wa kwanza, nimeandika kwenye swali la 17, halafu nafungwa kitambaa kichwani na kuulizwa nani alinituma.

Yule dada alinisomea na sayansi, msidhani hakunisomea. Akanieleza ule utafiti wa Marekani wa 2012, wa Hajo Adam na Adam Galinsky: watu wakavalishwa koti jeupe, walioambiwa ni la daktari wakawa makini kwenye jaribio kuliko walioambiwa ni la mchoraji. "Unaona nguvu ya nguo?" akasema. Hakusema kwamba waliokuja kulirudia jaribio la mwanzo la utafiti ule hawakupata matokeo yaleyale. Tuseme hata ni kweli tupu. Koti lilikuwa lilelile! Kilichotofautiana ni maana ambayo mvaaji ameambiwa. Sasa maana ya shati langu mimi ndiye ninayeijua, na mwenye sayansi yake hakuona haja ya kuiuliza.

Nyota moja. Ningekuwa na uwezo wa kutoa nusu ningetoa nusu.

Lakini kuna jambo la koti, na nikilificha nitakuwa mwongo.

Kipimo kilipokwisha nikavaa koti langu niondoke. Akanitazama, akasema, "Hebu simama." Sauti ilikuwa nyingine, haikuwa ile ya kola. Akaja nyuma yangu na pini mdomoni, akagusa bega la kushoto, akateremka kama vidole vitatu mpaka ulipo mshono. "Bega lako linaishia hapa. La koti linaishia huku chini. Kaka, umevaa bega la mtu mwingine." Akabana. Akabana na la pili. Akakunja mkono wa koti mpaka ncha ya mkono wa shati ikachungulia kidogo. Kisha mgongoni, pale panapopwaya, akakusanya kitambaa na kukishika kwa pini mbili. Hakusema neno. Alifanya kazi kama fundi cherehani anayejua, haraka, bila kunichoma hata mara moja.

Nikatazama kioo. Jamani. Nilimwona mtu ambaye sijamwona siku nyingi. Sikuwa mwembamba zaidi wala kijana zaidi, nilikuwa nimekaa ndani ya nguo yangu, basi. Ndipo nikagundua kitu ambacho hata kwenye dodoso sikukiandika kwa sababu sikukijua: makoti yangu yote hununua makubwa. Yote. Kama mtoto anayenunuliwa nguo ya kukulia, au kama bado nasubiri kaka zangu walivae kwanza. Mtu mzima na cheo chake.

Kwa hiyo nyota ngapi? Mbili. Tatu, basi, kwa ajili ya bega.

Hapana, mbili. Maana kabla sijatoka nikapewa kitini cha kurasa nane, kimeandikwa "Wewe Halisi", na ukurasa wa tano kinanishauri nichague hereni fupi zisizoning'inia. Mimi. Hereni. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Koti nimelipeleka kwa fundi, kalipunguza palepale alipobana yule dada, alama kwa alama. Siku ya kusimama mbele ya watu ilipofika nikalivaa, na ndani yake shati la njano, lilelile lililoinuliwa kwa vidole viwili. Nilizungumza vizuri. Sijui ni bega, sijui ni njano, labda ni kwamba namba zilikuwa zangu na nilizijua. Mke wangu anasema ni koti. Yeye ndiye aliyelipa, ana sababu ya kusema hivyo.

Jioni yake nikapokea ujumbe kutoka kwa dada, anaomba picha ya "kabla na baada" aweke kwenye matangazo yake, na ananikumbusha kikao cha pili. Matangazo nikakataa. Picha nikamtumia moja tu, ya kuona mwenyewe: nimesimama dirishani, mchana kweupe, koti na njano yangu.

Alikaa kimya kama saa nzima. Kisha akajibu: "Koti limekukaa. Shati tutaliongea." Chini yake akaongeza: "Nimesoma swali la 17."

Kikao ni wiki ijayo. Nyota naziacha mbili kwa sasa.